Vifuniko Tisa vya Maji

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wa shirika letu la uchapishaji, wafanyakazi wa mitambo na wa ofisini, mume na watoto wa mstaafu, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Nimeombwa nimuage Mama Koma, anayestaafu leo, kwa niaba ya waandishi. Mniwie radhi, mimi ni mpishi wa meli aliyeandika kitabu kimoja tu, na hicho kimoja kilinitoa jasho kuliko jiko la watu thelathini. Jina la Mama Koma mnajua lilikotoka. Miaka thelathini na mmoja amesoma prufu kwenye ile meza ya dirishani, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu mkononi, na ukimletea sentensi ndefu isiyo na kituo anakutazama juu ya miwani na kusema, "Koma!" Hujui anadai alama au anakukemea.

Kitabu changu ni habari ya kweli. Meli yetu ilizama, tukaelea siku hamsini na mbili katika boti la mpira, mimi na fundi mitambo, mpaka tukaokotwa. Hivyo ndivyo nilivyoandika: wawili. Mhariri alisoma, akasifu. Mkurugenzi alisoma, akalia. Mama Koma alisoma, akaniita.

"Kaka mpishi," akasema, "hapa unasema kila mtu alikunywa vifuniko vitatu vya maji kwa siku."

"Ndiyo."

"Na hapa unasema kila siku mlitoa vifuniko tisa kwenye dumu. Kuanzia siku ya kumi na mbili, sita." Akaweka kalamu chini. "Nyie mlikuwa wawili. Vile vitatu vingine alikuwa anakunywa nani?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimemtoa mtu kitabuni, lakini mkono wa mpishi umezoea kupima, na vipimo vya watatu nikavisahau humo humo. Nililia mbele yake kama mtoto. Hakunibembeleza. Alifunga mlango, akasubiri.

Nikamweleza yote: wa tatu alikuwa mdogo wangu, kazi yake kupaka rangi melini, na kazi hiyo nilimtafutia mimi. Niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba alikwenda na maji saa ile ile meli ilipozama, hakuteseka, hakujua lolote. Nilidhani ninamtua mama mzigo. Na mtu akishamdanganya mama yake kwa huruma, ataandikaje ukweli, mama akiwa hai na majirani wanajua kusoma?

"Hili si kosa la kurekebishwa na kalamu yangu," akasema Mama Koma. "Ukitaka nitafuta tisa niandike sita, hakuna atakayejua. Ila mimi nitajua. La sivyo, nenda kwa mama yako ukamwambie."

Nilikwenda. Nilikuwa nimeandika zile siku kumi na moja za mdogo wangu botini kwenye daftari, nikamsomea, maana mama hakujua kusoma. Nikasoma jinsi mdogo wangu alivyoitazama anga akasema imepakwa vibaya, inahitaji mkono wa pili, tukacheka midomo ikapasuka. Jinsi alivyouliza kama mama ameshaezeka jiko. Jinsi alivyoniomba nimshike miguu, inamuuma. Siku ya kumi na mbili hakuamka.

Nikaogopa kuinua macho. Mnadhani alinilaani? Afadhali angenilaani!

"Miaka sita namlilia mtu aliyekufa ghafla," akasema. "Kumbe mwanangu alipata siku za kucheka, akapata siku ya kuniulizia. Ulikuwa nazo zote. Ukakaa nazo, unakula chakula changu."

Kisha akasema, "Soma tena."

Nilisoma tena. Nilimsomea kila Jumapili mpaka alipofariki mwaka huu, na hata mara moja hakusema amenisamehe.

Mama Koma, wenzangu watakushukuru kwa nukta na herufi kubwa. Mimi shukrani zangu zina uchungu ndani yake, sitakuficha, maana ulimrudisha mdogo wangu kitabuni, nami nikampoteza mama akiwa bado yuko hai mbele yangu. Lakini ungenifutia ile tisa siku ile, mama angekwenda kaburini bila kujua kwamba mwanawe alimuulizia.

Ustaafu salama na mzee wako. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza.