Maua Matano ya Neringa

Waombolezaji, majirani, na ninyi wachezaji wenzake, mimi ni Tautvydas, mdogo wake marehemu, nimeambiwa nisome, na naomba mniwie radhi nikijikanganya, maana tangu Ijumaa akili yangu haiko mahali pake.

Marehemu Neringa alizaliwa Kuršėnai tarehe 3 Mei 1986, na baba, kama baba yeyote wa nchi hii, akamnunulia mpira wa kikapu, naye akaupiga teke ukavunja kioo cha banda la kuoteshea nyanya, na mpaka leo hatujui alijifunzia wapi. Alianza shule Septemba 1993 hapo hapo Kuršėnai, akamaliza sekondari Šiauliai mwaka 2005, muda wote akicheza na wavulana kwa kuwa timu ya wasichana haikuwapo.

Mwaka huo huo aliajiriwa kiwanda cha jibini, asubuhi jibini, jioni mazoezi, kiangazi soka ya majani, majira ya baridi futsali ukumbini, miaka kumi na minane hivyo hivyo, akaitwa na timu ya taifa kwa michezo yote miwili, nasi nyumbani tukawa hatujui leo anacheza upi. Nilipomuuliza upi ndio hasa wake, aliniuliza kwani mama ana mtoto mmoja.

Alifunga ndoa na Arūnas tarehe 17 Agosti 2013, akaingia kanisani akichechemea kwa sababu ya mechi ya Jumatano, na tarehe 2 Novemba 2015 wakajaliwa binti, Ugnė.

Oktoba mwaka jana alianza kulalamikia tumbo, tukadhani ni kiwiko cha beki fulani, kumbe ni kansa ya kongosho, akafariki tarehe 9 Februari 2024, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa kabisa, kwa sababu kila mtoto wa kwetu anajua kwamba maua ya aliye hai huwa witiri na ya marehemu huwa shufwa, lakini dada aliniambia hivi:

"Kwangu mlete witiri, Tautvydas. Kwenye majani tulikuwa kumi na mmoja, ukumbini watano. Ukituona shufwa, ujue mwenzetu kala kadi nyekundu."

Mama aliposikia alilia, akasema hayo ni kumfanyia mzaha maiti, nami siku tatu nimeshindwa kujua nimtii nani, aliye hai au aliyekwenda, na leo asubuhi nikanunua maua bila kufikiri, nimeyahesabu hapa mbele yenu, ni sita, mkono umefuata mazoea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Šiauliai, majirani mliotuletea supu tusipokumbuka kula, wenzake wa kiwandani mliomfanyia zamu, na wachezaji mliomsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka ukumbini mwezi Desemba.

Sasa nachomoa ua moja, mama, naomba ulishike wewe, kwa sababu moja ni witiri na wewe uko hai, nakuhitaji uwe hai, na haya yaliyobaki nampelekea dada kama alivyotaka.

Dada, wako watano, hakuna aliyetolewa. Pumzika kwa amani.