Mama All Clear

Kijiwe kilikuwa ubavuni mwa meza ya Soli, fundi viatu: benchi moja refu na birika la kahawa. Asubuhi hiyo nyundo ya Soli haikugonga kitu. Mkewe, aliyetibiwa uvimbe wa titi mwaka mzima, alikuwa hospitali na binti yao kuchukua majibu ya vipimo vya mwisho. Soli alitaka kwenda, magoti yakamgomea mlangoni. Sasa binti alikuwa ametuma ujumbe wa maneno matatu tu: "Mama all clear."

— "All" ni yote, hiyo naijua, alisema Soli. Hiyo "clear" ndiyo nini?

— Kliya? Hiyo ya uwanjani, alidakia Beki, aliyecheza mpira hadi goti likamstaafisha. Mpira ukikaribia goli, unaupiga mbali. Umekliya.

— Sasa mke wangu kapigwa mbali wapi?

— Labda wamemhamishia hospitali kubwa zaidi.

Soli akasukuma kikombe chake pembeni.

— Usimtie mwenzio presha, alisema Kontena, mtoa mizigo wa bandarini. Kukliya ni kukamilisha karatasi. Mihuri ikishagongwa, mzigo unaruhusiwa kwenda kwa mwenyewe.

— Mwenyewe nani?

Kontena akakohoa. Hakupenda jibu lilikokuwa linaelekea.

— Kwenye filamu, Beki akasema polepole, jambazi akikliyiwa kwa risasi…

— Koma! Kontena akamkata. Soli, sikiliza. Rubani husema anga ni kliya. Maana yake hamna wingu.

— Kwa hiyo mke wangu yuko mbinguni?

Benchi zima likainamisha vichwa. Hapo ndipo mama mmoja, mgeni kabisa kijiweni, alipofika na kiatu kilichokatika mkanda.

— Hamjambo jamani? Mbona kama mko msibani?

Wakamweleza yote, uwanja, bandari na anga. Akawatazama mmoja mmoja.

— Na simu hiyo haipigi?

Beki alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Soli akabonyeza namba ya binti. Simu ikaita, ikapokelewa na mkewe mwenyewe.

— We baba! Nangoja pongezi, kumbe umelala?

— Mama watoto… uko wapi?

— Getini hapa hospitali, namenya chungwa. Sina kitu! Daktari kasema wamenipima mwili mzima, hamna hata chembe. Nimepona, mume wangu!

Soli alipanda juu ya benchi, yale magoti yaliyomgomea yakimtii kama ya kijana.

— Hana kitu! akapaza sauti mtaa mzima usikie. Mke wangu hana kitu!

Dereva wa teksi aliyekuwa akipita akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani kwa huruma.

— Pole sana, mzee wangu. Maisha yamekuwa magumu.

— Pole ya nini? alicheka Soli, machozi yakimtiririka, huku akirukia mlango wa gari. Nipe hongera, halafu geuza gari unipeleke!