Sisi Tunaoyumba Bila Kulewa

Mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Mbale, sisi wagonjwa wa kizunguzungu tunaofanya mazoezi hapa Wanale tunakusalimu kwa heshima. Utuwie radhi kwa kutosimama ulipoingia. Tulikubaliana tubaki tumekaa, tusije tukakuangukia.

HISTORIA YETU
Wengi wetu tulianza kuyumba baada ya vita vya 1979. Mzee Fadhul, mwadhini wetu, alilipukiwa na bomu karibu, likamharibu sikio. Tangu hapo akigeuza shingo, msikiti mzima unazunguka. Bi Khainza aliacha kuuza nyanya kwa sababu wateja walidhani amelewa.

Mwaka jana alikuja Musawo Babirye, yaani Daktari Babirye, kutoka Jinja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alitufundisha kukazia kidole macho huku tukigeuza kichwa, kutembea juu ya mstari, na kusimama kwa mguu mmoja tumefumba macho. Kwanza tulitapika. Kisha tukapata nafuu.

MAFANIKIO
Mzee Fadhul anapanda tena ngazi za mnara. Bi Khainza anabeba karai la nyanya kichwani.

Mwezi wa Ramadhani, tukiwa katika mazoezi ya kutembea, askari wa kizuizi cha barabarani walitukamata sote kwa ulevi. Mzee Fadhul alieleza kuwa amefunga, hawakumwamini. Koplo wao, Afande Geresom, akaamuru, "Kama hamjalewa, simameni mguu mmoja, fumbeni macho."

Tukasimama wima kama nguzo. Afande hakuamini, akajaribu mwenyewe, akamwangukia Bi Khainza.

Baadaye alitujia bila sare. Alikuwa akificha kizunguzungu tangu vitani, akiogopa kuachishwa kazi. "Mama," alimwambia Khainza, "bunduki naweza kushika. Ardhi ndiyo inanikataa."

MATATIZO NA MAOMBI
Tumesikia Musawo Babirye atarudishwa Jinja. Wa huko nao wanaumwa, hatuwanyimi. Tunaomba tu abaki mpaka wenzetu wapya waweze kuvuka barabara. Wengine bado wanatambaa.

Ombi la mwisho, Afande Geresom mwenyewe ametutaka tulisome akiwepo. Siku hizi ndiye mlinzi wako, huyo aliyesimama nyuma yako akishikilia mgongo wa kiti chako. Tunaomba asifukuzwe, apewe ruhusa ya kuja mazoezini. Na kwa sasa, mheshimiwa, tunaomba akae.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wako wote, akujalie kufika nyumbani salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Mazoezi ya Kizunguzungu, Wanale.