Siki Imeshasema, Gesi Tunaingoja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Vumbi la Zuzu limekulaki kabla yetu, tuwie radhi. Karibu sana.

TULIKOTOKA
Sisi ni wanawake tunaolima zabibu. Tangu biashara hii iachiwe watu binafsi, msimu wenye mnunuzi tunapiga vigelegele, msimu usio naye tunazikamua wenyewe, na mvinyo unatuchachia mapipani. Kwa hiyo siki tunaijua.

MAFANIKIO
Mwaka jana Sista Violeth wa zahanati yetu alirudi kutoka mafunzoni, akatueleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi cha papiloma, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi hukipata kikaondoka chenyewe. Kiking'ang'ania miaka mingi, kinaweza kuzaa saratani. Akasema siki ikipakwa pale, sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe.

Basi mwenzetu Anjelina, kwa kutaka akutwe safi atakapopimwa, akawa anakunywa siki kila asubuhi, uso umemkunjamana. Sista alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hiyo ni ya kachumbari! Siki haiponyi, inaumbua tu."

Alipopimwa ikamuumbua kweli, doa likaonekana. Mumewe, Thobias, akamjia juu: "Hicho kirusi umekitoa kwa nani?"

Sista akamwita. "Baba, kirusi hiki hukaa kimya miaka. Huenda umekileta wewe kabla hamjaoana, wala hukujua."

Thobias aliinama. Siku hizi ndiye anayewahimiza wanaume wenzake wawalete wake zao kupimwa, na hilo tunajivunia kuliko mavuno.

CHANGAMOTO
Doa bado si saratani. Likigandishwa mapema kwa gesi baridi, shughuli inakwisha kabla wali haujaiva. Ila mashine hatuna. Ya mjini imeharibika, tunaambiwa twende Dar es Salaam, na wengi wetu hata treni inayopita hapa hatujawahi kuipanda. Anjelina anangoja tangu mavuno. Anaogopa, Mheshimiwa, na sisi tunaogopa naye.

OMBI
Tunaomba mashine moja na mtungi wake wa gesi. Sista yupo, kitanda kipo, siki tunayo ya kumwaga. Tunaamini utatusaidia, ndiyo maana leo tumepika na kuimba.

Na Anjelina tumemchagua yeye mwenyewe akusomee risala hii, ili ukilijibu ombi letu, umtazame usoni.

Mungu akurudishe nyumbani salama, akufungulie kila mlango utakapobisha hodi kwa ajili yetu.

Ni sisi,
Umoja wa Wanawake Wakulima wa Zabibu, Zuzu.