Hobart Sturgill, Aliyemvulia Mwenzake Kopo la Hewa

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Verlie, dada yake. Nimepewa kazi ya kusoma haya na ninaogopa kuifanya, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Hobart Sturgill alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 katika bonde la Sassafras Lick, mashariki mwa Kentucky, mtoto wa pili wa mzee Arvil na mama Zella. Alikuwa mwoga tangu utotoni, nyote mnajua. Giza lilimtoa jasho. Alisoma shule ya hapa bondeni hadi darasa la nane, na jioni za baridi alirudi nyumbani akiimba kwa nguvu ili asisikie vichaka. Denver Combs, mtoto wa jirani, alimcheka njia nzima, lakini hakumwacha hata siku moja.

Mwaka 1956 waliingia mgodini pamoja. Watu walishangaa: mwoga wa giza anachimba mkaa! Aliniambia, "Dada, kila asubuhi natamani kurudi kitandani. Lakini Denver yuko mbele yangu na taa yake." Walifanya kazi bega kwa bega hadi juma lililopita.

Tarehe 4 Juni 1960 alimwoa Oma Fugate. Siku ya harusi nyoka aliingia jikoni. Oma alimuua kwa ufagio, bwana harusi akiwa juu ya meza. Walijaliwa mabinti wawili, Glenna na Ruby.

Alibatizwa kijitoni Januari 1979, barafu ikivunjwa kwa shoka. Denver alisimama ukingoni akimtania, "Ukitoka humo tutakuanika juu ya jiko." Alipoulizwa yeye ataingia lini, alisema, "Sijaitwa bado." Kwetu hakuna anayemsukuma mtu majini. Mtu hungoja kuitwa na Mungu, hata akizeeka.

Mwaka jana daktari alikuta vumbi la mkaa mapafuni mwa marehemu, akamwambia aache kazi. Alikataa. "Nikiacha, Denver atapewa mtu asiyejua kusikiliza paa la mgodi likianza kupasuka."

Jumanne, tarehe 13 Machi 1984, moto ulizuka mgodini. Denver alikuwa amelitoa mkandani kopo lake la hewa, lile la kupumulia moshi ukijaa, kama wengi wenu mfanyavyo, maana mle mnatambaa na kopo linagonga nyonga. Moshi ulipowafikia, kopo lilikuwa upande wa pili wa moto. Yanayofuata ameyasema Denver mwenyewe.

Hobart alivua kopo lake. Denver akasema, "Tupumue kwa zamu."

"Kwa zamu tutakufa wote, mjinga wewe. Mimi nimeshabatizwa. Wewe hujaitwa. Vaa."

Kisha Hobart alilia. Alisema, "Naogopa, Denver. Nishike mkono." Denver alimshika, akamburuta, mpaka mkono ule ukalegea.

Tangu siku hiyo Denver alikuwa hali, halali. Jana alikuja jikoni kwa Oma, akauliza, "Nikifa leo kabla sijaitwa, Hobart atakuwa amekufa bure?" Wazee wa kanisa walikuwepo. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ameshaitwa, wala kumwambia kwamba hajaitwa. Swali hilo linanitisha hadi sasa ninaposoma.

Marehemu ameacha mjane, Oma. Mabinti zake, Glenna na Ruby. Mimi dada yake. Na Denver, ambaye Oma ameagiza aandikwe hapa kama ndugu wa tumbo moja. Ni Oma aliyemjibu jana. Alimvutia kiti, akamwekea sahani ya maharage na mkate wa mahindi, akasema, "Basi usife leo, shemeji. Kula." Denver alikula huku machozi yakimtoka, nasi tukakaa naye mpaka akamaliza.

Bwana ampumzishe Hobart kwa amani, na Denver ampe muda.