Kadi ya Ubelgiji na Bili ya Gesi

Mwaka ule wa 2007, Jedidah, nesi kutoka Nakuru, alikuwa keshafumba macho ndani ya basi la Stratford, Uingereza, aliposikia Kiswahili cha Kongo kwenye kiti cha nyuma. Usingizi ukamruka. Akatega sikio, maana mambo ya watu hayamlazi mtu njaa.

"Sisi kule Ubelgiji tuko na kadi ya chipu," mwanamke alikuwa akimwambia mwanamume aliyeketi naye. "Naichomeka kwa kompyuta hapo jikoni, cheti cha familia kinatoka. Ninyi Waingereza, kitambulisho ni bili ya gesi! Papa, si aibu hiyo?"

Jedidah, aliyefungua akaunti ya benki kwa bili kama hiyo, akaona haya kidogo.

"Na kadi walikupa hivihivi tu?" mwanamume akauliza.

"Hapana. Polisi wa mtaa alikuja kwanza, kuangalia kama kweli nalala pale."

"Akabisha mlango?"

"Akabisha, ndiyo."

"Mama, mimi nilikimbia Bukavu kwa sababu ya mtu aliyebisha mlango, na jina langu analijua. Niachie bili yangu."

Mwanamke hakuwa mtu wa kushindwa. "Unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Sasa siku ukifa mle ndani, nani atajua?"

Jedidah akageuka mzima mzima, adabu kando. Basi likasimama, milango ikafunguka. Mwanamume akainuka, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Watu wa gesi," akasema, akashuka.