Mwalimu Mkaa na Picha Zisizonyooshwa

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa juu ya kiti katika darasa la sanaa, nikitundika picha za wanafunzi. Simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, fundi seremala. Alisema maneno matatu tu: "Dada yako ametutoka."

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 12 Juni 1967, wa kwanza kati ya watoto watano wa mama mshona nguo na baba mfyatua matofali. Alimaliza sekondari mwaka 1985, kisha akaenda chuo cha ualimu.

Mwaka 1990 alianza kufundisha sanaa katika shule yetu ndogo ya jamii. Rangi hazikuwepo. Alichoma vijiti ndani ya kopo lililofunikwa, wanafunzi wakachorea mkaa huo, ndipo wakamwita Mwalimu Mkaa. Mwaka ule wa kwanza, akimhofia mkaguzi, alimnyooshea mwanafunzi mmoja mguu wa mbuzi kwenye picha yake. Mtoto akaangua kilio: "Mwalimu, huyu si mbuzi wetu! Wetu anachechemea!" Tangu siku hiyo hakugusa tena kazi ya mwanafunzi. Alifunga mikono nyuma, akauliza tu: "Umeangalia vizuri?"

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji, aliyekuwa ameitwa shuleni kurekebisha madawati. Mwenyewe husema, "Nilikwenda kutengeneza, nikatengenezwa mimi." Mungu akawajalia mabinti wawili.

Novemba mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, nami nikawa namsaidia darasani. Hakuhofia kifo. Alihofia Alhamisi, tarehe 6 Machi, siku ambayo kamati ya shule ingetazama kazi za wanafunzi na kuamua kama chumba cha sanaa kigeuzwe stoo. Jumatatu alinishika mkono pale kitandani. "Mdogo wangu, najua mnavyoogopa. Msiwanyooshee."

Kweli tuliogopa. Picha nyingine zilikuwa zimepinda, na kipande cha mkaa kilikuwa mfukoni mwangu. Sikukitoa.

Kamati ilikuja, msiba ukiwa bado mbichi. Mwenyekiti aliketi mbele ya picha ya kiti, akaguna.

"Mbona kimeenda upande hivi?"

Msichana aliyeichora alijibu: "Ndivyo kilivyo, babu. Ndicho ulichokalia."

Mzee akainuka. Akatazama kiti, akatazama picha, akarudia tena.

"Mtoto kasema kweli," akasema. "Darasa libaki."

Nani atalifundisha, bado hatujui. Tunamwomba Mungu mwalimu huyo asichelewe.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake wanne na wanafunzi thelathini na mmoja.

Jana alasiri jeneza, kazi ya mikono ya mumewe, lilipitishwa kwanza darasani. Wanafunzi walipita mmoja mmoja, mikono wameifunga nyuma, wakamwangalia vizuri. Kisha shemeji akafunika.

Mungu ampokee, ampe pumziko la amani.